Kifundo kisichopona: mazoezi ya kine (fiziotherapia), PRP, proloterapi au seli shina?

Goma, mashariki mwa Kongo, ni mji wa vifundo vya mguu vilivyoteguka. Lava iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 iligandia katikati ya mji, na mpaka leo, ukiacha lami tu, unakanyaga mawe meusi yenye ncha ambayo hayatulii chini ya kiatu. Motari anashusha mguu ghafla ili moto, yaani pikipiki, isianguke, mguu unapinda. Kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anateremka na mzigo wa makaa, anakosa mhimili, kifundo kinageukia ndani. Mama anatoka soko la Virunga na gunia mgongoni, jiwe moja linambingirikia chini ya ndala. Na jioni, kwenye viwanja vya vumbi, hakosekani mchezaji anayetoka akichechemea huku ameshika bega la mwenzake.

Wengi wao hupona ndani ya wiki chache. Makala haya ni ya wale wengine: miezi mitatu imepita, uvimbe unarudi kila jioni, mguu unakuangusha ukiwa unatembea tu, na ndugu yako wa Brussels au Nairobi amekutumia sauti kwenye WhatsApp akikuambia kuna sindano ya kisasa inayootesha upya kilichochanika. Mwingine anakuambia ni PRP, sindano ya damu yako mwenyewe. Mwingine anataja seli shina na bei inayolingana na kiwanja. Umebaki katikati, hujui umsikilize nani.

Tiba rejeshi, ndiyo jina la kundi hili zima, ni jitihada za kuusaidia mwili utengeneze upya tishu zilizoharibika badala ya kutuliza maumivu tu. Wazo lenyewe ni zuri na sayansi yake ni ya kweli. Ila kati ya wazo zuri na kifundo chako kuna maswali ambayo muuzaji wa sindano hana haraka ya kuyajibu.

Kabla ya kuchagua, jua kilichoumia

Ndani ya kifundo kuna vitu vinne vinavyoumia kwa namna tofauti, na hakuna tiba moja inayovifaa vyote. Kuna ligamenti, zile nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Mguu ukigeukia ndani, ya kwanza kuchanika huwa ile ya mbele upande wa nje, chini kidogo ya nundu ya kifundo. Kuna kano, zinazofunga msuli kwa mfupa, na kubwa kuliko zote ni kano ya kisigino. Kuna gegedu, ile ngozi laini inayofunika ncha za mifupa ili isisuguane. Na kuna mifupa yenyewe.

Anayeuliza "PRP inatibu kifundo?" hajauliza swali linaloweza kujibiwa. Aulize: inatibu ligamenti, kano au gegedu? Hapo ndipo ulinganisho unapoanza kuwa na maana.

Kwa jeraha jipya kuna kipimo rahisi kilichotungwa Ottawa, Kanada, na kutangazwa mwaka 1992, na hakihitaji mashine. Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa nundu ya nje na ya ndani, sentimita 6 za mwisho kwenda chini mpaka nchani. Bonyeza pia mfupa unaojitokeza katikati ya ukingo wa nje wa wayo, nyuma ya kidole kidogo, na ule wa juu ya upinde wa ndani wa wayo. Kama mfupa wenyewe unauma hapo, au huwezi kupiga hatua nne hata kwa kuchechemea, nenda kapigwe radio, yaani picha ya eksirei. Kama sivyo, uwezekano wa mfupa kuvunjika ni mdogo sana. Nimeona watu wakikandwa kwa maji ya moto majuma mawili juu ya mfupa uliovunjika, na jambo hilo linaniuma kila nikilikumbuka, kwa sababu kidole kimoja kilichobonyeza mahali sahihi kingetosha kuwapeleka hospitali.

Radio haionyeshi ligamenti wala gegedu. Ekografi, yaani picha ya mawimbi ya sauti (ultrasound), huonyesha vizuri ligamenti na kano, na kwa gegedu iliyofichika ndani ya kiungo mara nyingi huhitajika IRM (MRI), picha ya mashine ya sumaku. Mtu anayetaka kukudunga chochote ndani ya kifundo bila hata ekografi anadunga kwa kubahatisha.

Vigezo tutakavyotumia

Nitazipima njia nne kwa vigezo vilevile: jeraha inalolenga, ushahidi uliopo, muda utakaokaa bila kazi, hatari zake, na gharama pamoja na upatikanaji kwa mtu anayeishi Goma. Kigezo cha ushahidi nitakipa nafasi kubwa, kwa sababu ndicho kinachofichwa zaidi kwenye matangazo. Mtu mmoja aliyepona baada ya sindano hathibitishi kitu. Kifundo kilichoteguka mara nyingi hupona chenyewe. Kinachothibitisha ni utafiti ambamo nusu ya wagonjwa wamedungwa dawa na nusu wamedungwa maji ya chumvi, bila wenyewe kujua nani kapewa nini.

Njia ya kwanza: mazoezi ya kine peke yake

Wengine watashangaa kuyakuta mazoezi kwenye orodha hii. Yapo kwa sababu sindano zote nyingine hupimwa kwa kulinganishwa nayo, na pia kwa sababu nayo ni tiba ya kuotesha tishu. Nyuzi mpya za ligamenti na kano hujipanga kufuata mzigo zinaoubeba. Zisipobebeshwa kitu hukua ovyo ovyo na kubaki dhaifu.

Jeraha linalolengwa. Ligamenti iliyochanika kidogo au sana, kifundo kinachoteguka mara kwa mara, na kano ya kisigino inayouma. Watu wengi wasichojua ni kwamba ligamenti ikichanika, mishipa midogo ya fahamu iliyomo ndani yake, inayoujulisha ubongo mguu umeelekea wapi, huumia pia. Ndiyo maana mguu unakuangusha hata uvimbe ukiwa umekwisha. Hiyo mishipa haifunzwi na sindano. Inafunzwa kwa kusimama kwa mguu mmoja.

Hivyo ndivyo zoezi lenyewe lilivyo. Simama karibu na ukuta kwa mguu ulioumia, goti limepinda kidogo, nusu dakika. Ikishakuwa rahisi, fumba macho. Ikishakuwa rahisi tena, simama juu ya mto wa kitandani. Kwa kuimarisha misuli ya upande wa nje, kata ukanda wa mpira wa ndani wa tairi ya moto, ufunge kwenye mguu wa meza, uuzungushe kwenye wayo, kisha uvute wayo kwenda nje polepole na kuurudisha polepole zaidi. Kwa kano ya kisigino kuna ratiba iliyochapishwa na Msweden Alfredson mwaka 1998: simama kwenye ngazi kwa ncha ya wayo, shusha kisigino taratibu chini ya usawa wa ngazi, kisha panda kwa kutumia mguu usioumia, mara 15, seti 3, goti likiwa limenyooka na tena likiwa limepinda, mara mbili kwa siku, wiki 12.

Ushahidi. Ndio wenye nguvu kuliko wote kwenye ukurasa huu. Mazoezi ya mhimili, yaani ya kusimama bila kuyumba, yamepimwa katika tafiti nyingi na yameonekana kupunguza kuteguka tena, hasa kwa wachezaji.

Muda. Utaanza kutembea mapema, hata siku za kwanza, kadiri maumivu yanavyoruhusu. Mama muuzaji anaweza kufanya zoezi la mguu mmoja nyuma ya meza yake ya biashara wakati hakuna mteja. Lakini kazi yenyewe ni ya wiki 6 mpaka 12, na hapo ndipo wengi hukwama: maumivu yanaisha wiki ya tatu, mazoezi yanaachwa, na wiki ya nane mguu unateguka tena.

Hatari. Ndogo mno.

Gharama. Vikao vichache na kine, mtaalamu wa mazoezi haya, wa kukuonyesha namna, halafu kazi ni yako nyumbani. Goma ina bahati upande huu. Kituo cha Shirika la Umoja kinajulikana tangu zamani kwa viungo bandia na kine, na hospitali ya HEAL Africa, iliyoanzishwa na daktari wa upasuaji wa mifupa Jo Lusi pamoja na mkewe Lyn, ina mizizi katika matibabu ya mifupa.

Inamfaa nani? Karibu kila mtu kama hatua ya kwanza. Haimtoshi aliyepasuka gegedu, aliyechanika kano nzima, wala ambaye amekwisha kufanya mazoezi kwa uaminifu miezi mitatu na bado mguu unamwangusha.

Na neno kuhusu waunga mifupa wa mitaani, maana hatuwezi kujifanya hawapo. Wapo wenye mikono mizuri. Lakini kuvuta na kukanda kwa moto katika siku mbili za kwanza huongeza damu inayovuja ndani. Waende baadaye, kama ni lazima, na baada ya kuhakikisha kwamba mfupa haukuvunjika.

Njia ya pili: PRP, plazima ya damu yako

Unatolewa damu mkononi, kwa kawaida mililita 15 mpaka 60. Mrija unawekwa kwenye mashine inayozunguka kwa kasi. Ukitolewa, damu imejigawa: chini chembe nyekundu nzito, juu maji ya manjano, na katikati yake utando mwembamba mweupe. Hapo karibu na utando ndipo chembe sahani zinapojikusanya, zile zinazogandisha damu unapojikata. Zina mifuko midogo yenye protini za kuchochea ukuaji. Daktari anazivuta zikiwa nyingi mara kadhaa kuliko kwenye damu ya kawaida, kisha anazidunga mahali palipoumia akiongozwa na ekografi.

Jeraha linalolengwa. Hutangazwa kwa kila kitu: ligamenti, kano ya kisigino, gegedu inayolika.

Ushahidi. Hapa lazima tuende jeraha kwa jeraha, na naomba msomaji avumilie, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Kano ya kisigino inayouma kwa muda mrefu: mwaka 2010 Waholanzi walichapisha utafiti wa wagonjwa 54, wote wakifanya mazoezi, nusu wakidungwa PRP na nusu maji ya chumvi. Hakukuwa na tofauti. Mwaka 2021 Waingereza wakarudia swali hilo kwa watu 240, wakilinganisha PRP na sindano ya uongo. Baada ya miezi 6, hakukuwa na tofauti tena. Kano iliyokatika kabisa: utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019, watu 230, jibu lilelile.

Gegedu ya kifundo iliyolika, ambayo hapa kwetu daktari ataiita kwa Kifaransa arthrose: utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2021, wagonjwa 100, sindano mbili zilizopishana wiki 6. Kundi la PRP lilipata nafuu. Kundi la maji ya chumvi nalo lilipata nafuu, karibu kwa kiasi kilekile. Msomaji, tua hapo kidogo. Waliodungwa maji ya chumvi walikuwa wakisema kwa dhati kwamba sindano imewasaidia. Hivyo jirani yako anayeisifia PRP yake hasemi uongo. Ila kusifia kwake hakukuambii kama ni PRP iliyomponya.

Ligamenti iliyochanika siku hiyohiyo: utafiti mdogo uliofanyika Marekani katika idara ya dharura, uliochapishwa mwaka 2015, haukuona faida. Lakini mwaka huohuo utafiti mwingine mdogo, wa wanamichezo 16 wa ngazi ya juu walioumia ligamenti za juu ya kifundo zinazofunga mifupa miwili ya muundi, uliona waliodungwa PRP wakirudi uwanjani baada ya siku zipatazo 41, na wengine siku 60. Watu 16 ni wachache mno kwa kujenga sera, lakini kwa mchezaji anayelipwa kwa mechi si jambo la kupuuza.

Muda. Baada ya sindano mguu huuma zaidi siku chache, hilo ni la kutarajia. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki huombwa ziachwe kabla na baada ya sindano, kwa kuwa huenda zikazuia kazi ya chembe sahani. Mtu wa Goma asikie hilo vizuri, maana diklofenaki hapa inauzwa kila kona. Mazoezi hayaachwi, PRP bila mazoezi ni kazi ya bure.

Hatari. Kwa kuwa ni damu yako, mwili hauikatai. Hatari kubwa ni uchafu: mrija usiokuwa tasa, au mirija ya wagonjwa wawili kubadilishana, na hapo unaweza kuambukizwa virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini. Omba uone jina lako likiandikwa kwenye mrija mbele yako. Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi zaidi kuliko watu wa Ulaya: malaria hushusha idadi ya chembe sahani. Ukiwa na homa wiki hiyo, au umetoka tu kwenye matibabu ya malaria, plazima yako itakuwa maskini wa kile unacholipia. Subiri, na upimwe damu kwanza. Aliye na maambukizi popote mwilini, saratani, au anayemeza dawa za kupunguza kuganda kwa damu, azungumze na daktari wake kabla ya yote.

Kwa wachezaji: Shirika la kupambana na dawa michezoni, WADA, lilipiga marufuku kudunga PRP ndani ya msuli mwaka 2010, kisha likaiondoa marufuku hiyo mwaka 2011. Leo PRP ya kawaida inaruhusiwa.

Gharama. Marekani sindano moja hugharimu takriban dola 500 mpaka 2,000, na bima nyingi hazilipi. Kwa anayeishi Goma, weka juu yake barabara ya kwenda Kigali au safari ya Nairobi au Kampala, malazi, na kurudi tena kama ni sindano mbili. Tangu waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025 na benki zikafungwa, hata kuzikusanya dola hizo kumekuwa shida ya pekee. Mashine ya kuzungushia damu si adimu, maabara nyingi zinayo. Kilicho adimu ni mirija tasa ya kazi hiyo na mkono uliozoea kudunga kwa ekografi. Kwa hiyo, ukiambiwa PRP inapatikana mtaani kwa bei ya kuku, uliza mrija umetoka wapi.

Inamfaa nani? Mtu mzima mwenye jeraha la ligamenti lililothibitishwa, aliyemaliza mazoezi bila mafanikio, mwenye pesa ambazo hazitanyima watoto karo, na anayejua kwamba ananunua uwezekano. Kwa kano ya kisigino na gegedu iliyolika, kwa ushahidi wa leo, nisingemshauri ndugu yangu auze kitu ili ailipie.

Njia ya tatu: proloterapi, sindano za glukosi

Hii ndiyo kongwe kuliko zote za sindano. Daktari wa upasuaji wa Marekani, George Hackett, aliieneza miaka ya 1950. Maji ya glukosi makali, kwa kawaida asilimia 12.5 mpaka 25, hudungwa pale ligamenti au kano inaposhika mfupa. Yanausumbua mwili kidogo, nao unajibu kwa kupeleka pale seli za kutengeneza.

Jeraha linalolengwa ni ligamenti iliyolegea na kano ya kisigino. Kuhusu ushahidi, tafiti ni chache na ndogo. Unaotajwa sana ni wa Australia, watu 43 wenye kano ya kisigino: waliopewa sindano pamoja na mazoezi walipata nafuu haraka kuliko waliofanya mazoezi tu, lakini ukubwa wa utafiti hauruhusu kusema mengi. Kwa ligamenti za kifundo ushahidi ni mwembamba zaidi.

Muda. Vikao 3 mpaka 6, vikipishana wiki kadhaa, kila kimoja kikifuatwa na siku chache za maumivu. Motari anaweza kurudi kazini katikati.

Hatari. Maumivu ya sindano, na maambukizi kama usafi ni duni. Kiasi cha glukosi ni kidogo, lakini mwenye kisukari aseme mapema.

Gharama. Hapa ndipo inapozipita nyingine. Glukosi kali ipo karibu kila hospitali, kwa ajili ya wagonjwa ambao sukari ya damu yao imeshuka. Dawa yenyewe ni rahisi. Unacholipia ni ujuzi wa daktari anayejua ligamenti inashika wapi. Naomba mtu asisome hapa akaenda kumwomba nesi wa mtaani amdunge serumu ya glukosi kwenye kifundo. Glukosi kali ikikosea njia inaweza kuharibu tishu.

Inamfaa nani? Mwenye kifundo kilicholegea au kano inayouma, asiye na uwezo wa kusafiri, aliyempata daktari mwenye uzoefu wa njia hii, na anayeendelea na mazoezi.

Njia ya nne: seli shina

Seli shina ni seli ambazo bado zinaweza kugeuka kuwa aina mbalimbali: mfupa, gegedu, mafuta. Kwa kifundo huchukuliwa zaidi kutoka kwenye uboho wa mfupa wa nyonga, kwa sindano nene chini ya ganzi au usingizi, au kutoka kwenye mafuta ya tumbo.

Jeraha linalolengwa. Tundu kwenye gegedu na mfupa wa juu wa wayo, ule unaokaa ndani ya kifundo, pamoja na mifupa iliyokataa kuunga. Mara nyingi hutumika wakati wa upasuaji, si badala yake.

Ushahidi. Zipo ripoti za kutia moyo kutoka kwa madaktari wa upasuaji, ila nyingi hazina kundi la kulinganisha. Na jina lenyewe linapotosha: katika uboho, seli shina za aina hii ni takriban moja kati ya seli 10,000 mpaka 100,000. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha bidhaa yoyote ya seli shina kwa ajili ya ligamenti, kano au viungo.

Hatari. Ndizo kubwa kuliko za njia nyingine tatu. Mbali na maumivu ya nyonga, kuna bidhaa zinazouzwa kama seli za kitovu cha mtoto mchanga, yaani seli za mtu mwingine. Mwaka 2018 huko Marekani kwenyewe, wagonjwa 12 katika majimbo ya Texas, Florida na Arizona waliambukizwa bakteria baada ya kudungwa bidhaa za aina hiyo. Ikiwa hilo lilitokea kwenye nchi yenye maabara na wakaguzi wengi, mtu anayepewa ofa ya seli hizo kwa simu afikiri mara mbili.

Muda na gharama: wiki kadhaa bila kukanyagia mguu kama kumefanyika upasuaji, na dola elfu kadhaa kabla ya tiketi.

Inamfaa nani? Mgonjwa mwenye tundu la gegedu lililoonekana kwenye IRM, anayefanyiwa upasuaji katika hospitali kubwa na daktari wa mifupa, ikiwezekana ndani ya utafiti unaosimamiwa. Kwa ligamenti iliyoteguka, hapana.

Mbili utakazotajiwa pia

Kortizoni si tiba rejeshi. Hutuliza uvimbe kwa wiki chache, na ndani ya kiungo kilicholika inaweza kukupa nafasi ya kufanya mazoezi. Isidungwe ndani ya kano ya kisigino. Inaweza kuidhoofisha mpaka ikakatika. Wachezaji wakumbuke kwamba tangu tarehe 1 Januari 2022 sindano za kortizoni zimekatazwa wakati wa mashindano.

Upasuaji wa kukaza ligamenti, uliobuniwa na Msweden Broström miaka ya 1960, bado ndio unaotegemewa kwa kifundo kilicholegea kisichosikia mazoezi. Watu huukimbilia kwa kuchelewa kwa sababu ya hofu ya kisu, huku wakitumia pesa zaidi kwenye sindano. Uwekwe mezani pamoja na nyingine.

Maswali ya kwenda nayo kwa daktari

"Dokta, kilichoumia ni ligamenti, kano au gegedu, na umekionaje?" "Utadunga ukitumia ekografi?" "Nisipodungwa, nikafanya mazoezi tu, nitarajie nini baada ya miezi mitatu?" "Kwa jeraha langu hili hasa, si kwa goti wala bega, wagonjwa wako wamekuwaje?" Daktari mzuri hatakasirika. Anayejibu kwamba sindano moja inatibu goti, mgongo, kifundo na nguvu za kiume, mshukuru na uage.

Kwa hali yako

Umeteguka wiki hii: fanya kipimo cha kidole na hatua nne. Radio ikihitajika, ipigwe. Usidungwe chochote. Barafu au kitambaa cha maji baridi, bendeji, mguu juu, kisha anza kutembea na mazoezi maumivu yanaporuhusu.

Umepita miezi mitatu na hujawahi kufanya mazoezi kwa mpangilio: hujafika kwenye uchaguzi wa sindano. Tafuta kine, jipe wiki 12 kamili.

Umefanya mazoezi kwa uaminifu, mguu bado unakuangusha, na maisha yako ni moto au chukudu: ekografi, kisha mazungumzo ya wazi na daktari wa mifupa kuhusu upasuaji wa kukaza. Proloterapi ni ya kufikiriwa kama yupo anayeijua. PRP inakuja baadaye, kama pesa zipo.

Kano ya kisigino inakuuma: ratiba ya ngazi, wiki 12, na subira. Tafiti kubwa hazijaipa PRP nafasi hapa.

Mchezaji mwenye jeraha la ligamenti za juu ya kifundo, ambaye klabu inalipa: PRP ni swali halali, pamoja na kine, na daktari wa klabu aandike kila kilichodungwa.

Mzee mwenye kifundo kilicholika: punguza mwendo wa kwenye mawe, kiatu kigumu kilichofunika kifundo, mazoezi, fimbo upande wa mguu usioumia. Kortizoni inaweza kumpa ahueni ya muda. Sindano ya bei kubwa haijathibitisha kwamba inamfaa kuliko maji ya chumvi.

Mtoto ambaye bado anakua: mifupa yake ina sehemu laini za ukuaji, na mahali ambapo mtu mzima angechanika ligamenti, mtoto anaweza kuumia mfupa hapo. Akichechemea baada ya kuanguka na nundu inauma ukiibonyeza, apelekwe radio siku hiyohiyo. PRP, glukosi na seli shina hazimhusu, hata kama kuna mtu amejitolea kulipa.